Nikifuata Sufuria: Tanga hadi Uchagani kwa Baiskeli

Kanuni niliyojiwekea ilikuwa nyepesi kuitamka na ngumu kuitii: nisile chakula ambacho aliyenipikia hawezi kunionesha kwa kidole kilikolimwa. Chumvi na sukari nilizisamehe, maana asubuhi ya baridi bila chai siiwezi. Chipsi mayai, soda, mkate wa dukani na wali wa mchele uliokuja kwa lori kutoka Kyela nikavipa kisogo siku niliyotoka Tanga mjini. Na kila nilipokaa kula nilikuwa na swali lile lile: shamba hili linalonilisha leo, wajukuu wa mwenye nyumba watalikuta?

Njia yenyewe haina ugeni. Tanga, Muheza, Korogwe, Mombo, Same, Himo, Moshi. Basi linaimaliza kwa nusu siku, na abiria aliyekaa dirishani atakachokumbuka ni mkonge, milima upande wa kulia, mkonge tena, halafu usingizi. Mimi nilitaka kuchepuka: nipande Amani, nishuke, nipande Lushoto, nishuke, niingie Upareni, kisha Uchagani. Milima hii imejipanga kando ya barabara moja, na wenyeji wake wote wanapambana na jambo moja: mteremko mkali, mvua inayokuja kwa kishindo na kuondoka, na watu wengi juu ya udongo kidogo. Kila kabila lilipata jibu lake. Nilitaka kuyaonja hayo majibu, kwa maana halisi ya kuonja.

Swali nililoulizwa kuliko yote njiani halikuhusu kilimo. "Kwani nauli huna?" Kwetu mtu mzima anayekwenda mbali kwa baiskeli ni ama mbeba mkaa ama Mzungu, na mimi sikufanana na yeyote kati yao. Baiskeli ilikuwa ya mtumba, ya gia, niliyoinunua Ngamiani. Fundi aliyenichomelea keria ya nondo alinihakikishia mara tatu kwamba gunia la mkaa litakaa bila shida. Habari zangu za kutafuta vyakula alizisikiliza kwa heshima na hakuziamini. Nyuma nilifunga mfuko wa salfeti wenye nguo, shuka, pampu, spana, tyubu za akiba na kopo la solusheni. Hema sikubeba. Gesti zipo kila mji, na pasipo na gesti pana mwenyekiti wa kijiji.

Ukitoka Tanga mkonge unakupokea kabla jasho halijaanza. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893 ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 Tanganyika ikaja kuwa kinara wa mkonge duniani, na mwaka 1964 uzalishaji ulikuwa kama tani 230,000. Kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaanguka. Sina ugomvi na mkonge. Umesomesha watu wengi mkoa huu, na ndio ulioleta makabila ya nchi nzima Tanga. Ila kwa kanuni yangu lilikuwa jangwa. Unaendesha, unaendesha, mistari ya kijani inapita kushoto na kulia, na hakuna cha kutia mdomoni. Kikomo chake ni pale kwenye kambi za wakata mkonge, ambako ghafla unaona vijisehemu vya mahindi na kunde, vimebanwa kwenye kila pembe ambayo shamba kubwa halikuihitaji.

Muheza ndipo sufuria ya kwanza. Machungwa pale yako mpaka uani, kijani nje na asali ndani, na mnunuzi wa mjini mara nyingi huchukua shamba zima matunda yakiwa mabichi mtini, hesabu ikipigwa kwa macho. Mwenye shamba anapokea fedha akijua fika kwamba amepunjwa, kwa sababu ada ya shule haisubiri chungwa liive. Lakini chini ya michungwa, panapopata mwanga, kuna muhogo, na kwenye muhogo dalali hana kazi.

Nililala kwa familia moja ya Kibondei nje kidogo ya mji. Jioni mama mwenye nyumba akasonga bada. Wasioijua, hii ni sima ya unga wa makopa, yaani muhogo uliokaushwa, na haina uhusiano wa karibu na ule ugali mweupe wa mahindi tuliouzoea. Makopa yalikuwa juu ya bati, yamekauka mpaka yanalia yakigongana. Aliyatwanga kinuni, akachekecha, na maji yalipochemka akamimina unga wote kwa mkupuo mmoja, akaibana sufuria kwa kijiti isiyumbe, akaanza kusonga kwa mikono miwili. Rangi iligeuka kutoka vumbi kuwa kahawia yenye kung'aa, ikawa inavutika. "Kula ikiwa moto, baba. Ikipoa itakushinda," akaniambia. Kitoweo kilikuwa mchunga uliochemshwa, maji yake machungu yakamwagwa, ukaungwa kwa nazi, na pembeni uono wa kukaanga. Uono haukutoka shambani, lakini bahari ilikuwa nyuma yangu chini ya kilomita 40, nikaona kanuni imesalimika.

Asubuhi alinipeleka kwenye muhogo wake. Nilitarajia mbegu moja. Zilikuwa kadhaa, zimechanganywa makusudi. Kuna kiroba, alioupanda baada ya ugonjwa wa michirizi kahawia kumuozeshea mihogo yote msimu mmoja, na kuna mingine ya zamani ambayo huugua ugonjwa wa batobato lakini ni mitamu na inafaa kuchemsha. Hakuna bwana shamba aliyemfundisha kuchanganya. "Ukiugua mmoja, mwingine unabaki," alisema, na kuendelea kunionesha ndizi.

Kutoka pale hadi Amani ni kupanda. Kuna mahali msitu unaifunga barabara kabisa, hewa inakuwa ya friji, na unasahau kwamba chini kule watu wanavuja jasho. Wajerumani walijenga kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo hapa mwaka 1902, wakaleta miti kutoka kila pembe ya dunia kuijaribu. Mingine ilipapenda mno ikageuka magugu ndani ya msitu. Tangu 1997 sehemu kubwa ni hifadhi ya mazingira asilia. Ni hapa nilipojifunza kutoamini macho yangu, na mwalimu alikuwa iliki.

Iliki inapenda kivuli. Mkulima haikati miti mikubwa. Anafyeka iliyo chini yake, anapanda. Kwa mbali unaona msitu mzima, mtu wa mjini anapiga picha anasema mashallah. Ukiingia ndani unagundua kwamba hakuna mche hata mmoja wa kurithi nafasi ya ile miti ikianguka. Watoto wote wamefyekwa, wamebaki wazee. Na baada ya miaka kadhaa udongo unachoka, iliki inapunguza kuzaa, mkulima anasogea mbele. Miaka ya 2000 wakulima waliokuwa na mashamba yao kwenye msitu wa Derema waliondolewa kwa kulipwa fidia, ili vipande vya msitu viungwe pamoja, na mpaka leo ukitaja fidia hiyo kijiweni huondoki mapema.

Mzee mmoja aliyekuwa na iliki enzi hizo alinikaribisha kwa chai, ugali na maharage. Nyumba yake ni ya bati na sakafu ya saruji, na hakunificha kwamba iliki ndiyo iliyoijenga. Nilimuuliza wao wenyewe waliila vipi. Alicheka. Kwenye chai, na kwenye pilau ya Idi. Kila siku walikula mahindi ya shamba jingine. Sasa amehamishia viungo karibu na nyumba: mdalasini, karafuu chache, pilipili manga imepanda kwenye miti, na katikati yake magimbi na ndizi. Hakupendezwa nilipoyasifia. Fedha yake, alisema, haifiki hata robo ya ile ya iliki.

Nilishuka na maneno hayo mpaka Segera, nikapita Korogwe bila kusimama sana zaidi ya kununua ndizi mbivu, nikalala Mombo.

Sasa Lushoto. Kutoka Mombo ni kilomita kama 33, na ndani ya hizo unapanda karibu mita elfu moja. Kwa ukweli nilisukuma baiskeli zaidi ya nilivyoiendesha. Hasara haikuwa kubwa. Ukisukuma unaona zaidi. Kwenye kona za Soni, maporomoko yakinguruma pembeni, magari ya kabichi na karoti yalikuwa yanashuka mfululizo kuelekea Kariakoo, na mimi napanda kinyume chake nikijiuliza kitakachobaki kwa walioko juu.

Usambara ina kisa ambacho kila anayeandika andiko la mradi wa kilimo angefaa akisikie kwanza. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, baadaye ukasambazwa Usambara yote. Kila kaya ilitakiwa kuchimba matuta kwenye sehemu ya shamba lake, asiyechimba, faini. Kitaalamu hawakuwa wanabwabwaja: udongo kweli ulikuwa unakwenda mtoni. Lakini kazi hiyo ya jembe ilikuwa ngumu na wengi wa walioibeba ni wanawake, mavuno hayakuongezeka kwa kiwango cha kumfanya mtu asahau mgongo wake, na wapo waliohofia kwamba ardhi ikishatengenezwa vizuri Mzungu ataichukua. Watu wakagoma. Mgomo ukaungana na siasa za TANU, na kabla ya Uhuru mpango ulikuwa umekwisha kufa. Upande wa Morogoro, kwa Waluguru, matuta hayo hayo yalizaa vurugu mwaka 1955.

Mwaka 1981 ukaja mradi mwingine, wa Tanzania na Ujerumani wa kuzuia mmomonyoko, SECAP, na tatizo likiwa lile lile. Safari hii mstari wa kuzuia udongo haukuchimbwa tu, ulipandwa: majani ya malisho, gwatemala na mabingobingo, na miti. Na sambamba na majani hayo akaja ng'ombe wa maziwa wa kufugiwa bandani.

Nilikaa na bibi mmoja kwenye kijiji cha juu ya mji, shamba lake limesimama kama ukuta. Alikuwa anakata gwatemala kwa panga, anashika fungu kwa mkono wa kushoto, anapiga chini karibu na shina, haraka, bila kuangalia mimi niliyekuwa nahofia vidole vyake. Nilipopanda mpaka mstari wa juu nilielewa ninachokiona. Nyuma ya kila mstari wa majani udongo ulikuwa umejikusanya kidogo kidogo, masika baada ya masika, mpaka kati ya juu ya mstari na chini yake pana kimo cha kiuno changu. Hakuna aliyechimba. Mvua yenyewe ilikuwa inabeba udongo kutoka juu, inakutana na majani, inautua. Mteremko umegeuka ngazi.

Tukabeba majani hadi bandani. Ng'ombe mmoja, mweusi na mabaka meupe, na ndama wake. Samadi inatolewa kwa koleo, inalazwa shimoni na mabaki ya jikoni, inarudi kwenye mahindi na maharage juu ya mstari ule ule. Nikamuuliza: bibi, haya mbona hamkuyakataa, na wazazi wenu waliyakataa matuta?

"Tuta unalipika vipi?" akaniuliza.

Asubuhi ile tulikunywa maziwa ya moto kwa viazi mviringo vya kuchemsha, na mchana maharage mapya yaliyoungwa kwa maziwa mtindi. Jibini ya Irente niliionja baadaye, ni nzuri, watalii wanaisifia kwa haki. Lakini kama ingebidi nichague ningerudi kwenye maharage yale.

Nisiwadanganye, si kila mteremko Lushoto una majani. Ipo mingi iliyo uchi, mahindi yamepandwa wima kama watu wanaopanga foleni, na mfereji mwekundu katikati. Na bondeni, kwenye mboga za kuuza, kilimo ni kingine kabisa. Kijana wa bibi huyo huyo alikuwa huko na bomba la mgongoni anapiga dawa nyanya, bila kitambaa usoni, na ndoo ya kuchanganyia iko mtoni. Mboga za jikoni mwao ziko uani, nyuma ya banda. Hizo hazipigwi dawa. Niliwauliza kwa nini na wote wawili wakanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini hatunywi mafuta ya taa. Sisi tunaokula nyanya za bondeni huko Dar hatukutajwa.

Hapo ndipo swali langu la wajukuu lilipopata meno. Tangu Lushoto nilianza kulipima kila shamba kwa kipimo cha bibi: hifadhi hii inaishia wapi, kwenye ripoti au kwenye sufuria? Inayoishia kwenye sufuria ya aliyeitolea jasho naamini itakuwepo. Nyingine zote nazitilia shaka, hata zikiwa na kibao kizuri barabarani chenye nembo tatu.

Kushuka Mombo kulinila pedi za breki zote mbili. Kutoka hapo hadi Hedaru na Makanya ni nchi nyingine: migunga, upepo wa usoni, joto linalopanda kutoka kwenye lami, na malori ya jasi yanayokupita karibu mpaka kofia inataka kuyafuata. Miba ilinitoboa tairi mara mbili kabla ya chai. Fundi wa chini ya mti, mwenye karai la maji na kipande cha tyubu ya lori, alinizibia huku akinipa mhadhara kuhusu ubaya wa matairi membamba. Kwake Fonix ndiyo baiskeli, hizi nyingine ni mapambo.

Ukiiangalia Makanya kutoka barabarani utaapa kwamba hapalimwi kitu. Ndiyo maana nikachepuka kupanda kuelekea Bangalala, nikaione ndiva.

Wapare walichimba ndiva tangu enzi za mababu, ukoo kwa ukoo. Kijito cha mlimani wakati wa kiangazi ni chembamba mno; ukikiachia moja kwa moja kwenye mfereji, udongo mkavu unakinywa chote kabla hakijafika shambani. Kwa hiyo usiku kucha maji yanaelekezwa kwenye bwawa dogo lililozungushiwa kuta za mawe na udongo. Asubuhi yanafunguliwa yote kwa pamoja, yanashuka kwa nguvu, yanafika. Ndiyo hekima yote, na mhandisi hawezi kuongeza mengi hapo.

Niliamka gizani kwenda kuona. Ndiva ya Manoo ilikuwa imejaa hadi ukingoni, na waliokuwa na zamu siku hiyo walikuwa wamekaa juu ya ukuta na majembe yao, wamejifunika vitenge na makoti, mazungumzo ni ya Kipare na yanakwenda kasi. Aliyepewa dhamana ya maji alihesabu watu, akauliza jambo, mmoja akajibu kwa sauti ya kujitetea. Nilielezwa baadaye: huyo hakutokea kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, wa kuzoa tope wiki iliyopita, na bila msaragambo hakuna maji. Alitaja msiba. Likajadiliwa. Akapewa zamu ya mwisho. Ndipo kizibo kikavutwa, maji yakatoka na sauti nzito, na kila mtu akaanza kukimbia kushuka na mfereji, maana ukichelewa kufungua kingo ya shamba lako maji ya zamu yako yanamwagilia kwa jirani. Nilikimbia nao, ndala mkononi. Mwanamke niliyemfuata alifungua kwa mapigo mawili ya jembe, akaelekeza maji kwenye matuta ya maharage, akaziba kwa tope na kisigino, akafungua tuta la pili. Haikuchukua muda mrefu kabla hajapiga yowe la kumuachia mwenzake.

Ugomvi upo, na ni wa zamani kama mifereji. Walioko juu, kuelekea Vudee, wana maji kwanza. Walioko Bangalala wanayapata yaliyobaki. Walioko chini zaidi, tambarare, wanapata matope na maneno. Mazungumzo ya kugawana yapo miaka yote, yanavunjika kila ukame unapokuja. Lakini nilichokipenda ni kwamba bwawa lile lina wenyewe. Likijaa tope, kila mmoja anajua nani atalizoa. Nimeona mabwawa ya miradi, ya saruji, makubwa mara kumi, yamejaa mchanga kwa sababu kila mtu anamsubiri mfadhili.

Na makande! Kila mahali nchini mtu atakupikia makande, na kila mahali Mpare akiyaona atatikisa kichwa. Niliyokula Bangalala yaliwekwa motoni jana yake: mahindi yaliyotwangwa kutoa ganda, maharage ya shamba nililolikimbilia, magadi kidogo kuyalainisha, na mafiga matatu yenye gogo moja linalosukumwa ndani pole pole usiku kucha. Asubuhi yakaungwa kitunguu na maziwa. Punje inavunjika kwa ulimi. Niliongeza mara mbili, na sufuria ilikuwa bado haijashuka nusu. Chakula hiki hakijui haraka, kama vile ndiva.

Same hadi Mwanga nilipita kwa kasi niwezayo kwa sababu upepo haukuwa na huruma. Mwanga nilikula perege wa Nyumba ya Mungu wa kukaanga, mkaangaji akanyoosha mkono kuelekea bwawani, na kanuni ikaridhika. Himo nikakata kulia, nikaanza kupanda tena.

Kila mtu anajua habari za kihamba, shamba la nyumbani la Mchaga, au anadhani anajua. Juu kabisa miti ya kivuli, miringaringa na mifuruanje, pamoja na miparachichi. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa. Chini ya kahawa magimbi, viazi vikuu na mboga. Ng'ombe bandani, mbuzi, kuku, mzinga. Mfongo, yaani mfereji wa maji, unapita pembeni. Na mpaka wa jirani umewekwa kwa masale, mmea ambao Mchaga akikuletea jani lake kuomba msamaha huwezi kumkatalia. Mwaka 2011 FAO ilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, Uru, kuwa miongoni mwa mifumo ya urithi wa kilimo duniani. Kwa kipimo cha bibi wa Lushoto hapa ndipo kileleni: kila kitu kinaishia kwenye sufuria. Nilikula mtori asubuhi, kiburu cha ndizi na maharage mchana, na jioni kisusio, supu ya damu, kilichonifanya nilale nimekaa. Migomba peke yake ni somo: mchare wa kupika, kisukari wa kula mbivu, na mingine ambayo kazi yake ni mbege tu, ikichanganywa na ulezi na kutiwa uchungu kwa gome la msesewe.

Nilikuwa nimejiandaa kuandika kwamba jibu la swali langu nimelipata hapa Kilema, Uchagani. Babu mwenye kihamba, mwalimu mstaafu, akaliharibu. Alinisikiliza nikimweleza nadharia yangu ya sufuria tukiwa na kibuyu cha mbege katikati yetu, akatikisa kichwa.

"Wewe unaona kihamba hiki kinanilisha," alisema. "Nenda kahesabu."

Tukahesabu, yeye akitaja na mimi nikiandika kwenye daftari. Kihamba cha baba yake kiligawanywa kwa watoto wa kiume watano. Kilichomfikia hakifiki ekari moja. Kahawa, iliyojenga shule na makanisa ya mlima huu na kuzaa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, kwake imebaki mistari michache: mibuni ya zamani iliuawa na ugonjwa wa chulebuni na bei, aliyonayo sasa ni chotara kutoka kituo cha utafiti cha Lyamungu, na anaitunza kwa heshima zaidi ya faida. Majani ya ng'ombe hayatoshi kihambani, kwa hiyo mabua na nyasi vinatoka tambarare, zamani kichwani mwa mkewe na sasa kwa bodaboda. Kuna kijana wa kukata majani, anataka mshahara. Kuna dawa za ng'ombe. Ukijumlisha ndizi, maziwa na kahawa, upande wa kutoka ni mzito kuliko wa kuingia. Tofauti inatoka wapi? Binti yake ana duka Kariakoo, mwanawe yuko kazini Dodoma. Wanatuma kwa simu kila mwezi, na Desemba wanakuja wote kula ndafu na kuchukua mikungu ya kuondokea.

"Basi uza," nikamwambia, nusu kwa utani. Ardhi ya mlimani ina bei ya ajabu.

Hakucheka. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye migomba ya nyuma, walikolazwa baba yake, babu yake na mtoto wake mmoja, akaniuliza hao nao atawauza kwa shilingi ngapi. Kisha akanijazia kibuyu na kuendelea kulalamikia bei ya pumba.

Kwa hiyo daftari langu lina majibu mawili yasiyopatana na sijajaribu kuyapatanisha. Lushoto majani yamedumu kwa sababu yanageuka maziwa. Kilema migomba imedumu kwa sababu watu walioondoka wanailipia isitoweke, na kaburi lina kauli zaidi ya sufuria. Kizazi kijacho kikizikwa Kinondoni, sijui nani atalipa. Babu naye nilimuuliza. Alisema hilo nikawaulize wao, akanipa namba ya duka la Kariakoo.

Kwa wenye nia ya kuijaribu njia hii: Machi hadi Mei masika yatakukwamisha Amani na njia zote za vumbi Upareni, nenda kuanzia mwishoni mwa Juni, machungwa ya Muheza yapo na jua halijakasirika. Plamu za Lushoto hutazikuta, ila hewa ni yako. Chukua baiskeli yenye gia ndogo kweli kweli na matairi mapana, msikilize yule fundi wa Makanya. Badili pedi za breki Lushoto kabla ya kushuka, si baada. Beba daftari, maana ukifika na kalamu watu wanakaa kueleza, ukifika na simu wanapanga mstari wa picha. Na kurudi, mabasi ya Moshi hupokea baiskeli kwenye buti ukitoa tairi la mbele. Elewana na kondakta bei mapema, gari likiwa bado limesimama.